Chupa haitaji aina ya zabibu? Soma jina la mahali

Kwa mnaonunua mvinyo wa sendofu hapa Mbeya mjini: chupa ya Ulaya mara nyingi haiandikwi aina ya zabibu, na muuzaji atakujibu tu "huu mkavu, mama", yaani hauna utamu. Soma jina la eneo kwenye lebo, ndilo linalokutajia zabibu. Eneo la Chablis ni zabibu ya Chardonnay. Barolo ni Nebbiolo. Chianti kwa sehemu kubwa ni Sangiovese. Vouvray ni Chenin Blanc, zabibu ileile inayolimwa Dodoma na kwa wingi zaidi Afrika Kusini. Ufaransa na Italia sheria ndiyo inayopanga zabibu gani zitumike ili chupa ibebe jina la eneo. Barolo, kwa mfano, lazima iwe Nebbiolo tupu.

Jina hilo halikwambii utamu, na kwenye sherehe zetu wengi wanataka mtamu, tusidanganyane. Kwenye Vouvray tafuta neno la pili: sec ni mkavu, demi-sec una utamu kiasi, moelleux ni mtamu hasa.

Mbinu hii inagoma kwa Bordeaux, maana mwekundu wake kwa kawaida ni mchanganyiko, Cabernet Sauvignon na Merlot wakitangulia. Sancerre angalia rangi: mweupe ni Sauvignon Blanc, mwekundu ni Pinot Noir. Na kwa Dodoma haisaidii kabisa, kwa sababu kule kuna zabibu tofauti: Makutupora nyekundu, Syrah na Chenin Blanc. Hapo geuza chupa usome lebo ya nyuma.