Mbwa akishikwa na degedege: la kufanya palepale, na la kufuatilia baadaye

Mbwa anaanguka ubavu ghafla. Miguu inakakamaa, kichwa kinapinda nyuma, kisha miguu inaanza kupiga hewani kama anayekimbia huku amelala. Taya zinagongana, povu linamtoka, mkojo unamtoka, pengine na kinyesi. Macho yako wazi lakini hakuoni. Mara nyingi hayo yote hukoma ndani ya dakika moja au mbili, ingawa kwa anayetazama ni kama nusu saa. Degedege lenyewe huwezi kulizuia kwa mikono. Kazi yako ni kupima muda, kumkinga asiumie, na kukusanya habari zitakazomsaidia daktari wa mifugo kujua chanzo.

Dakika zile zenyewe

Tazama saa kwanza. Muda ndio utakaoamua kama unasubiri nyumbani au unakimbia, na muda wa kukisia karibu daima huwa si sahihi. Akiwepo mtu wa pili, arekodi video kwa simu: mwili mzima, kisha uso, kisha miguu. Daktari ni nadra kumwona mbwa akiwa ameanguka, na video ya nusu dakika itamweleza mengi kuliko wewe ukisimulia.

Sogeza viti, vyombo na jiko la mkaa. Kama yuko karibu na ngazi, kisima au barabara, mburute taratibu juu ya blanketi. Weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa. Zima redio na taa kali. Watoto watoke, na mbwa wengine pia watoke, maana hata mbwa mpole anaweza kumrukia mwenzake anayetapatapa na kumjeruhi vibaya.

Usitie mkono wala kijiko mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake, na taya zile zitakuvunja kidole bila yeye kujua. Usimkandamize ukidhani atatulia. Na tafadhali usimmiminie chochote: si maziwa, si mafuta, si yai bichi, si mkaa uliosagwa. Hawezi kumeza. Kinachomiminwa huingia mapafuni, na nimonia inayofuata inaweza kumuua mbwa ambaye degedege lingemwacha salama.

Misuli inayokaza mfululizo huzalisha joto kali. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, likipita 41 ubongo uko hatarini. Degedege likirefuka, lowesha tumbo, makwapa na nyayo kwa maji ya kawaida, kisha mpepee. Usitumie barafu, kwani hubana mishipa ya ngozi na kulizuia joto lisitoke. Ukiwa na kipimajoto, acha kumpooza akifika 39.5, la sivyo atashuka kupita kiasi.

Wakati wa kukimbia

Degedege likivuka dakika 5, ni dharura. Likija la pili kabla hajazinduka kutoka la kwanza, ni dharura. Yakija mawili au zaidi ndani ya saa 24, ni dharura hata kama kila moja lilikuwa fupi na katikati alikula vizuri. Mpigie daktari mkiwa njiani ili aandae dawa. Mbebeni watu wawili kwa blanketi lililoshikwa pembe nne, na msimfunge mdomo kwa kamba: akitapika atapaliwa, na mbwa hupunguza joto kwa kuhema.

Likiisha lenyewe mapema, na huna sababu ya kushuku sumu, mwache alale. Akiamka atayumba, atagonga ukuta, huenda haoni kwa muda, na anaweza asikutambue. Hapo ndipo watu wengi huumwa, kwa sababu wanamkumbatia mapema. Zungumza naye kwa sauti ya chini ukiwa mbali kidogo. Maji na chakula kidogo apewe akishaweza kutembea sawasawa na kuitika jina lake. Hali hii huweza kuisha kwa dakika chache au kuendelea siku nzima, na urefu wake uuandike. Hata kama amerudi kuwa mzima kabisa, degedege la kwanza katika maisha yake linataka uchunguzi, ikiwezekana siku hiyo au kesho yake.

Kabla ya kusema ni kifafa

Kwa mazingira yetu, mambo mawili lazima yaondolewe kwanza: kichaa cha mbwa na sumu.

Mbwa asiye na chanjo ambaye amebadilika tabia, sauti imekuwa ya kukwaruza, taya la chini limelegea, mate yanachuruzika na hamezi, usimguse. Watu wengi hudhani amekwama na mfupa, wakatia mkono mdomoni kuutafuta. Mfungie chumbani na uite daktari wa mifugo. Aliyeumwa, au aliyerukiwa na mate kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje, kwa sababu dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Upande wa sumu, wa kwanza kushukiwa ni dawa za kuua kupe na wadudu wa shambani. Dawa ya josho iliyochanganywa kwa kukisia na kupakwa mbwa, au iliyobaki kwenye ndoo akainywa, humfanya atoe mate mengi, machozi, kutapika na kuharisha. Mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, ndipo degedege linafuata. Kama iko kwenye manyoya na mbwa ametulia kidogo, vaa glavu, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, uende na chupa au pakiti yenyewe. Jina la kiambato ndilo humwelekeza daktari kwenye dawa ya kutibu. Usimtapishe. Sumu ya panya na ile ya konokono nazo zimo, na pia bazoka na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli, ambazo hushusha sukari ya damu ya mbwa hadi akaanguka. Sindano ya ivermektini, inayotolewa ovyo kwa ajili ya ukurutu na kupe, ni hatari hasa kwa mbwa wa jamii ya Kole (Collie), mbwa wa kuchunga kondoo.

Umri pia unasema mengi. Mtoto wa mbwa asiye na chanjo, mwenye matongo na makamasi mazito, anayetafunatafuna hewa au mguu wake mmoja ukirukaruka bila kukoma, huenda ana distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa. Mdogo sana aliyekaa na njaa anaweza kuwa ameishiwa sukari: degedege likishakoma, mpake asali kidogo kwenye ufizi kwa kidole, kisha mpeleke. Jike anayenyonyesha, hasa wiki 2 hadi 4 baada ya kuzaa, akihema kwa kasi, akikakamaa miguu na kutetemeka, kalsiamu yake imeshuka. Waondoe watoto wasinyonye na umpeleke mara moja.

Siyo kila kuanguka ni degedege. Mbwa aliyezimia kwa ugonjwa wa moyo mara nyingi huanguka akikimbia au akisisimka, hulegea, ufizi huwa mweupe, na baada ya sekunde chache huinuka akiwa na akili zake. Anayeota hurusha miguu, lakini ukimwita anaamka.

Kifafa chenyewe na dawa zake

Mbwa aliyeanza kuanguka kati ya miezi 6 na miaka 6, mzima kabisa katikati ya vipindi, na vipimo vya damu havionyeshi kasoro, huyo ndiye hasa wa kifafa cha kurithi. Jamii ya German Shepherd, Labrador na Malinois wamo sana katika kundi hili. Dawa kwa kawaida huanzishwa akianguka mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au akipata degedege refu au ya mfululizo.

Dawa inayopatikana kwa urahisi ni fenobabitali. Kianzio cha kawaida ni miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 20, basi, ataanza na vidonge 2 vya miligramu 30 asubuhi na 2 jioni, daktari akishathibitisha. Huchukua kama wiki 2 kiwango kutulia kwenye damu, kwa hiyo degedege ndani ya wiki hizo si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Wiki hizo pia atasinzia na kuyumba miguu ya nyuma. Njaa na kiu vitabaki. Usimwongezee chakula, atanenepa. Damu ipimwe baada ya wiki 2 au 3, kisha kila miezi 6, ini likiwemo.

Daktari anaweza kukupa diazepamu ya dharura ya kupitisha njia ya haja kubwa: miligramu 1 kwa kilo, au 2 kwa mbwa ambaye tayari anatumia fenobabitali. Bomba la sindano lisiwe na sindano. Iache dawa ndani ya ampuli ya kioo gizani hadi utakapoihitaji. Ikikaa ndani ya bomba la plastiki hunata kwenye plastiki na utampa mbwa dawa iliyopungua nguvu.

Weka daftari: tarehe, saa, degedege lilidumu muda gani, alichokula, dawa nyingine aliyopewa, na lini ulichelewesha kidonge. Ukisahau, mpe ukikumbuka, ila usimpe dozi mbili kwa pamoja. Kuikatisha fenobabitali ghafla huleta degedege kali kuliko lile lililokufanya uianze, na kwa kuwa huuzwa kwa cheti tu, omba nyingine zikiwa zimebaki za wiki 2.