Somo: Kuanza Mastodon bila kupotea njia

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi somo la mitandao ya kijamii isiyo na makao makuu. Nitatumia Mastodon kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Aliianzisha Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, ila wengi wetu tuliisikia Oktoba 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter.

Kwanza elewa hili. Laini yako ni ya Airtel, ya shemeji yako ni ya Vodacom, na bado mnapigiana. Mastodon ndivyo ilivyo: maelfu ya seva (kompyuta zinazohifadhi akaunti na machapisho), kila moja ina mwenyewe na sheria zake, lakini zote zinaelewana kwa itifaki moja, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Januari 2018.

Hatua ya 1: Chagua seva. Ingia joinmastodon.org. Angalia sheria za seva na nani anaiendesha, basi. Ukishindwa kuamua, anza na mastodon.social, ya Mastodon wenyewe. Kuhama baadaye kunawezekana.

Hatua ya 2: Ijue anwani yako. Itakuwa hivi: @jinalako@mastodon.social. Kipande cha kwanza ni wewe, cha pili ni nyumba unayokaa. Jina hilohilo mwingine anaweza kulichukua kwenye seva nyingine, kwa hiyo ukimpa mtu anwani mpe nzima.

Hatua ya 3: Fuata watu. Hapa ndipo wageni hukata tamaa. Unafungua, ukurasa mtupu. Unatafuta #Kiswahili, unapata machapisho matatu ya mwaka juzi, unajisemea hakuna watu. Mimi siku ya kwanza nilizunguka hivyo mpaka bando likakata.

Watu wapo. Mtu akiposti, seva yake inatuma nakala kwenye seva zenye wafuasi wake. Kama kwenu hakuna hata mmoja anayemfuata, kwa kawaida nakala haiji, na kisichofika hakitafutiki. Dawa yake: nakili anwani nzima ya mtu, ibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, mfuate. Kuanzia hapo machapisho yake mapya yanaingia, na majirani zako wa seva wanafaidi pia. Hakuna algorithimu, yaani hesabu za kompyuta, ya kukuchagulia cha kuona. La karibuni ndilo linakaa juu. Hashtagi nazo zinafuatwa kama watu.

Hatua ya 4: Andika. Kawaida ni herufi 500. Kabla ya kutuma, chagua nani aone: wote, wafuasi tu, au uliowataja tu.

Hatua ya 5: Weka akiba. Kwenye mipangilio pakua orodha ya unaowafuata. Usiiruke hatua hii. Akaunti yangu ya kwanza ilikuwa kwenye seva ndogo ya mtu binafsi. Asubuhi moja haikufunguka, na haikufunguka tena. Ukihama mapema, seva ya zamani ikiwa bado hai, wafuasi wako wanahamishwa nawe. Machapisho yanabaki kulekule.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nikifuta chapisho, linafutika kote?

Jibu: Seva yako inatuma ombi la kufuta kwa zile zilizopokea nakala. Nyingi zinatii. Iliyokuwa imezimwa siku hiyo, au yenye mwenyewe mkaidi, inabaki na nakala yake. Posti ukijua hivyo.

Swali: Na ujumbe wa faragha? Naweza kumtumia mke wangu namba ya siri ya benki?

Jibu: Usithubutu, kaka. Ujumbe wa Mastodon haujafungwa kwa ufunguo wa ninyi wawili tu. Anayeendesha seva yako anaweza kuusoma, na wa seva ya shemeji vilevile. Halafu kuna mtego: ukiandika ndani yake "yule @fulani ananikera", na anwani ikawa kamili, huyo fulani naye anaupokea. Yameshawakuta watu.

Swali: Kama hakuna makao makuu, matapeli na watukanaji anawafukuza nani?

Jibu: Wasimamizi wa kila seva. Seva nzima ikiwa kero, nyingine zinakata mawasiliano nayo. Mwaka 2019 mtandao wa Gab, uliojulikana kwa maneno ya chuki, ulihamia kwenye programu ya Mastodon, ambayo ni huria kwa yeyote. Kuwazuia kuitumia haikuwezekana, lakini seva nyingi ziliwafungia mlango, wakabaki kuongea wenyewe kwa wenyewe. Upande wa pili wa shilingi: msimamizi wako akiifungia seva ya rafiki yako, nawe hutampata.

Swali: Mimi niko Bluesky. Nakupataje?

Jibu: Bluesky ni mtandao mwingine wa kijamii wenye itifaki yake, AT Protocol, kwa hiyo hatupatani moja kwa moja. Kuna daraja liitwalo Bridgy Fed, ila ili tujibizane lazima wewe uliwashe upande wako nami niliwashe wangu. Langu nimeshawasha.