Kuchuja tetesi kijiweni: mafunzo ya wiki nne kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Mafunzo haya, ya kuzuia kundi lisimuue mtu kwa tetesi, yafanyieni kijiweni, si ukumbini. Kundi linalokimbilia tukio mtu akipiga ukelele wa "mwizi!" ni lile lile linaloshinda pamoja mchana kutwa: bodaboda wa Kabwe na Uyole, wabeba mizigo wa Mwanjelwa jijini Mbeya, mafundi gereji wa Ipogolo, Iringa. Mkichukua wawili kutoka kila kijiwe na kuwapeleka semina, watarudi na vyeti, lakini siku ya siku wenzao watawazidi kwa wingi na kwa sauti.

Watu 12 hadi 15 wanatosha, kikao kimoja kwa wiki, cha muda wa saa moja. Bodaboda abiria wao ni wa asubuhi na jioni, kwa hiyo saa 8 mchana ndiyo nafuu. Vijijini msianze mvua za Novemba zikishanyesha, vijana watakuwa shambani. Andaeni karatasi tano za manila, maka peni nyeusi na nyekundu, na simu tatu zenye bando. Mtendaji na polisi kata wapewe taarifa mapema, ila wasifungue kikao kwa hotuba. Kijana akiona sare hujibu kile anachodhani kinatakiwa.

Kikao cha kwanza ni cha mstari. Mnong'onezeni wa kwanza: "Jana saa 11 jioni Noah nyeupe ilisimama karibu na shule, mama mwenye kitenge akashuka, akauliza njia ya zahanati." Kila mmoja anamnong'oneza jirani yake mara moja tu. Wa mwisho aseme kwa sauti, nanyi muandike kilichopotea kwa nyeusi na kilichoongezeka kwa nyekundu. Hiyo ni kazi ya dakika 10. Muda uliobaki ni wa kuulizana nani aliongeza, na kwa nini hakujua kwamba anaongeza. Mtu hujaza pengo kwa kile anachokiogopa tayari.

Hapa ndipo wawezeshaji huharibu, kwa kuwaambia watu kwamba hofu yao ni ujinga. Njombe watoto waliuawa kweli, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Mzazi wa Makambako hawezi kuambiwa hapakuwa na hatari. Kubalini hatari ilikuwepo, kisha tenganisheni tukio na mtu anayenyooshewa kidole. Tumieni mfano wa Iringa Mvumi, kijiji ambacho licha ya jina lake kipo wilaya ya Chamwino, Dodoma. Oktoba 2016 watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa huko kwa kudhaniwa wanyonya damu, na gari lao likachomwa. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Waulizeni vijana: ni swali gani moja lingewaokoa, na nani pale alikuwa wa kuliuliza?

Kikao cha pili kina sentensi moja tu, ile inayojirudia magazetini: "Mwizi auawa na wananchi wenye hasira kali." Iandikeni manila na muichambue neno kwa neno. Nani amethibitisha kuwa ni mwizi? Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. "Wananchi" ni akina nani? Hawana majina, na kujificha ndani ya neno hilo ndiko kunakomfanya kijana wa miaka 19 ajione hahusiki. Mwelezeni wazi: kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita tendo hilo mauaji, na kifungu cha 23 kinawabana waliokuwa na nia ya pamoja, si aliyerusha jiwe la mwisho peke yake. "Hasira kali" nayo inafanya nini? Inaomba msamaha kwa niaba ya muuaji. Kisha kila watu watatu waandike upya kichwa hicho cha habari kwa yale yanayojulikana tu. Msiharakishe hapa, hata kikao kikila dakika 90.

Kikao cha tatu ni cha simu. Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi, kwa hiyo aliyekutumia si shahidi. Picha ipitisheni Google Lens, programu ya kutafuta picha mtandaoni, muone kama ilishatokea miaka ya nyuma. Kwenye video tazameni namba za magari (za raia Tanzania huanza na T, za Kenya na K) na upande wa barabara wanaopita. Lakini kama maandishi yamegeuka kinyume, video imepinduliwa na kipimo hicho hakifai. Sauti iliyorekodiwa haina namna ya kutafutwa hivyo, na sasa akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu. Mpigieni mwenyewe. Ujumbe wowote ulizwe jambo la mwisho: unanitaka nifanye nini? Ukisema "tusikubali, tukutane stendi sasa hivi", huo ni mwito wa fujo hata kama tukio ni la kweli.

Msitumie tetesi inayozunguka mtaani wiki hiyo kama mfano. Mtaisambaza wenyewe, na wengine watakumbuka kisa na kusahau kwamba kilikanushwa.

Kikao cha nne ni mazoezi ya mwili: igizeni kundi limemzingira mtu anayeitwa mwizi. Watatu wachaguliwe: mmoja wa kupiga 112 na polisi kata, mmoja wa kumwendea mtendaji, mmoja wa kuwaondoa wenzake kwa kuwaita majina. Jina humtoa mtu kwenye kundi. Asisimame yeyote katikati kubishana, wala asirekodi yeyote video. Mshukiwa apelekwe ndani ya ofisi yenye mlango unaofungwa. Rudieni igizo mara tatu, la tatu kwa kelele halisi.

Mwachieni mwenyekiti wa kijiwe daftari lenye safu nne: tarehe, tetesi, aliyeulizwa, dakika hadi jibu. Rudini baada ya mwezi. Safu ya dakika ikiwa tupu, mara nyingi kosa si la vijana, ni namba zisizopokelewa. Nendeni kwa mtendaji mpate namba nyingine kabla ya kupanga kikao kipya.