Makala yako imefutwa Wikipedia? Angalia vyanzo kwanza

Jamani naona watu wanaingia Wikipedia ya Kiswahili kwa moto kweli, makala ya mtaa wao inapanda usiku, asubuhi imefutwa, wanaanza kusema wakabidhi (wale wasimamizi wenye uwezo wa kufuta makala) wana roho mbaya. Hapana bana, mara nyingi ishu ni moja tu, hamna chanzo.

Kuzaliwa Manzese sio chanzo. Mtu wa Mbeya akisoma sentensi yako lazima awe na pa kwenda kuhakikisha bila kukutafuta wewe, kwa hiyo stori ya babu hata kama ni ya kweli tupu, itabidi isubiri mpaka itoke kwenye kitabu au gazeti.

Tuseme unataka kuweka idadi ya watu Dar. Mtandaoni utakuta mara milioni saba, mara tano na kitu, na wewe kama mtoto wa mjini utataka kubeba ile kubwa. Usibebe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima, ya 2012 ilikuwa 4,364,541, hizo za milioni saba ni makadirio sio watu waliohesabiwa. Andika "kwa sensa ya 2022", weka namba, afu palepale sentensi inapoishia bandika chanzo ndani ya alama za ref, hivi: <ref>Ofisi ya Taifa ya Takwimu, jina la ripoti, mwaka, ukurasa</ref>. Palepale nasema, sio unarundika linki tano chini ya makala, nani atajua ipi inabeba nini? Chini unaweka kichwa cha Marejeo na <references /> basi, zinajipanga zenyewe.

Vitabu, majarida ya vyuo, magazeti yenye wahariri kama Mwananchi au Daily News, hivyo safi. WhatsApp na kurasa za udaku, sahau. Ukurasa wa msanii mwenyewe unaweza kubeba tarehe ya kutoa albamu ila hauwezi kubeba kwamba yeye ndo mfalme wa singeli, hilo alisema nani zaidi yake?

Na chanzo si lazima kiwe na linki, watu wengi hawajui hii. Kitabu ulichokikuta Maktaba Kuu ya Dar pale barabara ya Bibi Titi kinafaa kabisa, taja mwandishi, mwaka, mchapishaji, ukurasa.

Wikipedia ya Kiingereza nayo sio chanzo. Ukitafsiri, fungua tanbihi zao uzisome ndo uzilete. Afu kuna mtego, blogu inakopi Wikipedia, mwaka unaofuata mtu anaileta blogu hiyohiyo kuthibitisha sentensi ileile. Ukiwa na wasiwasi fungua historia ya makala uone sentensi iliingia lini, blogu ikiwa imekuja baadaye na maneno ni yaleyale, achana nayo.

Kwa mtu aliye hai hamna mchezo, tuhuma isiyo na chanzo cha nguvu inatolewa saa hiyohiyo, majadiliano baadaye. Mengine yakifutwa usirudishe kibabe, nenda ukurasa wa majadiliano na chanzo chako mkononi.