Mtoto akiuliza nje ya ulimwengu kuna nini, chukua lastiki

Mimi ni fundi wa nguo Kawangware, Nairobi. Stima zilipotea usiku mmoja, tukapanda juu ya paa la ploti, na binti yangu akaniuliza swali hilo. Nilimwambia amuulize mwalimu. Jibu hilo liliniuma, nikaanza kusoma. Sasa najibu hivi.

Kata lastiki nyeusi ya inchi moja, urefu sentimita 30. Lastiki ndiyo anga la ulimwengu. Tia alama za chaki kila sentimita 5, kila alama ni galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, kisha ivute hadi ifike 60. Mwache mtoto achague alama moja aite kwao. Jirani alikuwa sentimita 5, sasa yuko 10. Wa pili alikuwa 10, sasa yuko 20. Aliye mbali zaidi ndiye amekimbia zaidi, na hivyo ndivyo mwanaastronomia Edwin Hubble alivyoona kwenye magalaksi mwaka 1929: ulimwengu unatanuka. Mtoto akichagua alama nyingine, ataona vilevile. Hakuna alama ambayo ndiyo kitovu cha kutanuka.

Halafu tenganisha maswali mawili. Nje ya tunachokiona, huenda kuna magalaksi mengine kama haya. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, kwa hiyo mwanga wa mbali zaidi ya kiasi fulani haujatufikia. Ukisimama juu ya vilima vya Ngong macho yanafika kikomo, lakini nchi inaendelea.

Nje ya vyote ndilo swali gumu, usiliharakishe. Shona ncha mbili za lastiki ziungane kama kiuno cha sketi. Mwambie atembeze kidole juu yake akitafuta mwisho. Hataupata, na bado lastiki ni fupi. Ulimwengu waweza kuwa hivyo, au usiwe na mwisho kabisa. Vipimo vya setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, havijakata shauri.

Hapo wangu alipitisha mkono katikati ya duara: “Na hapa, Mama?” Jiandae kwa hilo. Mwambie sisi ni chaki, na kwa chaki hakuna mahali pasipo lastiki. Hewa ile ya katikati ni ya meza yangu, si ya lastiki. Katika hesabu za wanafizikia, anga hutanuka lenyewe bila kuhitaji nafasi ya nje ya kutanukia.

Kisha mwachie aivute mwenyewe. Ya binti yangu imeshalegea, nimemkatia nyingine.