Somo: Kuhamishia profaili za watumiaji kwenye kontena za FSLogix bila kupoteza kazi ya mtu

Oktoba moja, minada ya korosho ikiwa imeanza, mhasibu wa ofisi moja ya ushirika hapa Mtwara aliingia kwenye sava mpya asubuhi akakuta desktopu tupu. Ikoni ya pipa la taka tu, na picha ya bluu ya Windows. Ulitokea ujumbe kwamba ameingia kwa profaili ya muda. Akaufunga, kwani simu zilikuwa zinaita. Akaandaa upya orodha ya malipo ya wakulima wa AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi) tatu, akaihifadhi kwenye desktopu, saa kumi akatoka. Kesho yake orodha haikuwepo. Profaili ya muda hufutwa yote mtu anapotoka.

Kazi ya kuhamisha nilikuwa nimeifanya mimi. Nilikaa na mama yule siku mbili tukiandika upya kutoka kwenye stakabadhi za ghala. Kwa hiyo katika somo hili nitakaa zaidi kwenye hatua ya 4, ambayo wengi huiruka.

Kwanza tuelewane. Profaili ni ile folda ya C:\Users yenye jina la mtu: nyaraka zake, desktopu, mipangilio ya programu, na faili la NTUSER.DAT linalobeba sehemu yake ya rejistri (hazina ya mipangilio ya Windows). Zamani, mtu akitumia sava zaidi ya moja, profaili ilinakiliwa anapoingia na kurudishwa anapotoka. Ikifika GB 10, anaingia, anakwenda kunywa chai na kurudi, bado inazunguka. FSLogix, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2018, inaiweka profaili nzima ndani ya faili moja la diski, VHDX; faili hilo ndilo tunaloliita kontena. Mtu akiingia, diski hiyo inaunganishwa tu na Windows inaiona kama iko hapohapo. Hakuna kinachobebwa. Mwenye leseni za RDS CAL (za kuingia sava kwa mbali) au Microsoft 365 Business Premium halipii zaidi.

Hatua ya 1: Punguza mzigo. Pitia kila profaili ukiwa na mwenyewe. Video za harusi na folda ya Downloads ya miaka mitano hazina haja ya kuhamia sava. Angalia pia toleo la Windows: Windows 10 (kuanzia toleo la 1607) na Windows Server 2022 zote zinatumia profaili ya aina ya V6, zinaelewana. Ya Windows 7 ni V2. Hiyo usiinakili nzima, chukua nyaraka peke yake.

Hatua ya 2: Andaa folda ya pamoja. Watumiaji wapewe ruhusa ya Modify (kubadilisha) kwenye folda hiyo tu, isishuke chini. CREATOR OWNER (yaani mwenye kuunda folda au faili) apewe Modify kwa folda na faili za ndani. Hivyo kila mtu anamiliki kontena lake na hawezi kuchungulia la mwenzake. Kwenye antivairasi, ondoa faili za VHD na VHDX zisikaguliwe.

Hatua ya 3: Nakili. Sakinisha FSLogix kwenye kompyuta ya zamani, mtumiaji awe ametoka kabisa, siyo kufunga skrini. Pata SID yake (namba ya pekee ya akaunti yake kwenye Windows) kwa whoami /user kabla hajatoka, tengeneza folda yake, kisha ukiwa C:\Program Files\FSLogix\Apps andika:

frx copy-profile -filename \\sava\profaili\mhasibu1_SID\Profile_mhasibu1.vhdx -username USHIRIKA\mhasibu1 -size-mbs 30000 -dynamic 1

Pale penye SID weka namba yake halisi. Ukimaliza, mpe mtumiaji umiliki wa folda na faili, maana wewe ndiye uliyelitengeneza na Windows inakuhesabu wewe kuwa mwenye mali. Hapa ndipo nilipokosea kwa yule mama: kontena lilikuwepo, jina sahihi, lakini yeye hakuwa na ruhusa ya kulifungua.

Hatua ya 4: Funga mlango wa profaili ya muda. Kwenye sava wanazoingia watumiaji, fungua rejistri, nenda HKLM\SOFTWARE\FSLogix\Profiles. Weka Enabled kuwa 1, VHDLocations iwe njia ya folda ya pamoja, VolumeType iwe VHDX, na FlipFlopProfileDirectoryName iwe 1 ili jina litangulie SID kama tulivyoandika juu. Halafu hizi mbili, tafadhali sana:

PreventLoginWithFailure = 1
PreventLoginWithTempProfile = 1

Zikiwepo, kontena lisipofunguka mtu haingii. Atakupigia simu, pengine kwa hasira. Bora akukasirikie saa mbili asubuhi kuliko afanye kazi kutwa nzima mahali ambapo jioni panafutwa.

Kuna DeleteLocalProfileWhenVHDShouldApply pia. Inafuta profaili iliyobaki kwenye diski ya mashine ili kontena lichukue nafasi. Iweke kwenye sava mpya tu. Ukiiweka kwenye kompyuta ya zamani umefuta chanzo chako.

Hatua ya 5: Anza na mtu mmoja. Akae mwenyewe, afungue barua pepe, Excel, printa, programu ya uhasibu. Profaili ya zamani usiiguse mpaka amalize hesabu za mwezi mzima.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mdau wa Masasi: Mkuu, nimefuata yote lakini nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome hazikuja. Alamisho zimekuja.

Jibu: Nywila zimefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya Windows. Kama alikuwa na akaunti ya kompyuta ile tu na sasa ana ya domeini (akaunti ya mtandao wa ofisi inayosimamiwa na sava), hazifunguki. Tena tangu Chrome 127 Google ilianza kuufunga ufunguo na mashine yenyewe, ikianza na vidakuzi (cookies) na kupanga kuendelea hadi nywila, kwa hiyo anayehama sava hadi sava anaweza kuzikosa. Kuna sera ya ApplicationBoundEncryptionEnabled ya kuzima hilo, ila unapunguza ulinzi. Rahisi zaidi, azioanishe na akaunti yake ya Google kabla ya kuhama.

Mdau wa Lindi: Kaka, umeme hapa ukikatika, kontena likiwa wazi haliharibiki?

Jibu: Linaweza. Ndiyo maana nasema VHDX na siyo VHD, aina ya zamani: VHDX ina logi ya ndani inayoisaidia kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla. Lakini haiondoi haja ya UPS kwenye sava ya mafaili na swichi, wala ya nakala ya akiba kila usiku.

Mdau wa Newala: Mtu anakataliwa kuingia, logi zinaandika 0x00000020.

Jibu: Kontena lake limeshikwa mahali pengine, mara nyingi kikao cha jana alichokiacha bila kutoka. Kwenye sava ya mafaili tumia Get-SmbOpenFile uone nani kalishika. Mtoe kwenye kikao kile kwanza; Close-SmbOpenFile iwe ya mwisho.

Mdau wa Nachingwea: Tawi letu lina mtandao wa kusuasua. Niweke kontena huku na sava ibaki Mtwara?

Jibu: Hapana, kaka. Kontena likae jirani na sava inayolifungua, swichi moja ikiwezekana. Huku kwenu isafiri picha ya skrini tu.