Nyama ya ng'ombe ya Kikrioli kwa moto mdogo, Mbeya

Chagua kilo 1 ya nyama ya shingo au kifua, kwa sababu nyuzi zake ngumu ndizo zinazolainika na kuupa mchuzi uzito, ilhali steki hukauka. Ikate vipande vikubwa, ipake chumvi na pilipili manga, kisha uikaange kidogo kidogo hadi kila upande uwe wa kahawia; usiijaze sufuria, la sivyo nyama itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Katika mafuta hayohayo kaanga vitunguu, pilipili hoho na selari, viungo vitatu ambavyo wapishi wa Kikrioli wa Louisiana, Marekani, huanza navyo, halafu ongeza kitunguu saumu, nyanya na pilipili kali ya unga. Rudisha nyama, mimina maji yafike nusu ya kimo chake na ufunike vizuri.

Mbeya iko juu, takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, hivyo nyama huchelewa kulainika. Kwa hiyo tenga saa 3 na nusu, ukipunguza makaa hadi mchuzi utokote taratibu tu. Pakua kwa wali wa mchele wa Kyela, ambao kwangu hauna mbadala.